Kidole cha Muattar

Nyumbani kwa kina Muattar, mjini Margilan, hapakuhitajika saa ya kuamsha watu. Kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa uani, mitambo miwili ya kufumia hariri ilikuwa imekwisha kuanza: taka-tak, taka-tak. Mmoja ulikuwa wa mama yake, Mukaddas. Wa pili ulikuwa wa dada yake mkubwa, Saodat, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya mama mwenyewe.

Baba yao, Tohir, alikuwa fundi wa rangi. Jiko lake na masufuria yake makubwa vilikuwa uani. Kila alipotoa sufuria motoni na kulipeleka penye vishada vya nyuzi, alipiga ukelele, "Njia! Njia!" Hapo kila aliyekuwa uani alijibanza ukutani, awe wa nyumbani au mgeni. Rangi inayochemka haina mzaha, na mtu aliyebeba sufuria kubwa kifuani haoni miguu yake.

Muattar alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi alifagia, akachemsha chai, na kila baba alipopiga ukelele, kazi yake ilikuwa moja: kumshika mkono mdogo wake, Oydin, na kumvuta ukutani. Oydin alikuwa na miaka sita na hakusogea kwa kuitwa. Ungeweza kusimama nyuma yake ukaita jina lake mara kumi, yeye akaendelea kupanga vidonge vya uzi, chekundu na chekundu, njano na njano. Lakini mama akivunja sukari mawe jikoni, ile ya kunywea chai, Oydin alitoka mbio toka upande wa pili wa ua, mkono umenyooshwa.

"Masikio ya kuchagua hayo!" alicheka jirani yao, Mama Hosiyat, ambaye watoto walimwita shangazi. "Ya sukari yako wazi, ya kazi yameziba."

Basi watu waligawanyika. Wengine walisema ni kiziwi, wengine wakasema ni mjanja. Mwalimu wa chekechea alisema yeye hataki kubahatisha. "Nileteeni karatasi ya kipimo cha masikio," alimwambia mama, "nijue nafundishaje."

Ingekuwa ni hilo tu, Muattar asingehangaika. Lakini majira ya vuli yale walikuwa wakitazamiwa washenga wa kumposa Saodat, na Mama Hosiyat alikuja kunywa chai na kutoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

"Mukaddas, mdogo wangu, nisikilize. Washenga hawaanzii mlangoni kwako. Wanaanzia kwangu, na kwa mwoka mikate pale kona. Wataniuliza, 'Nyumba ile ikoje?' Na mimi kwa umri huu siwezi kusema uongo. Mtoto akiandikiwa ukiziwi, nitawaambia nini?"

Mama alizungusha bakuli la chai mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wakija, Muattar atampeleka Oydin kwako mpaka waondoke."

Muattar alisikia yote, birika mkononi. Hata shuleni mambo hayakuwa mazuri. Sevara, aliyekaa dawati la nyuma yake, alikuwa amemuuliza mbele ya darasa zima, "Kwenu siku hizi mnaongea kwa mikono? Tuonyesheni 'nipe mkate' mnasemaje." Watu walicheka. Muattar naye alicheka ili ionekane hakuumia, na baadaye alijichukia kwa kicheko kile.

Siku ya kipimo, mama alimchukua Muattar pia, kwa sababu Oydin hakukubali kukaa na mtu mwingine mahali pageni. Katika zahanati ile kulikuwa na kijumba kidogo chenye kioo, kuta zake nene za sponji. Mpimaji, dada mmoja aliyeitwa Nozima, alikaa nje ya kioo mbele ya mashine. Foleni ilikuwa imejaa ukumbi hadi kwenye ngazi, na watoto wa watu walikuwa wakilia.

"Ni mchezo tu," Nozima alieleza haraka haraka. "Akisikia mlio, achomeke pete moja kwenye kijiti. Wewe kaa naye humo ndani, mtulize. Lakini usimsaidie, sawa?"

"Sawa," alijibu Muattar.

Ilichukua muda Oydin kukubali kuvaa vile visikizi vikubwa. Alipovikubali, alitulia na kuishika pete ya kwanza shavuni. Muattar alimweka mapajani, mkono mmoja mgongoni mwake. Nozima alibonyeza kitufe. Oydin akaitazama pete. Nozima akabonyeza tena, Oydin akageuza pete upande wa pili. Nje ya kioo, mama alikuwa amesimama na ncha ya kitambaa chake mdomoni.

Hapo Muattar akagundua jambo. Kila Nozima alipobonyeza kitufe, bega lake la kulia lilipanda kidogo. Kidogo tu, lakini ukilitazama unaliona.

Bega likapanda. Muattar akamgusa Oydin mgongoni kwa kidole kimoja. Oydin, ambaye nyumbani alizoea kusogea kwa kuguswa, akachomeka pete.

"Safi!" Nozima alisema kwenye kipaza sauti.

Bega, kidole, pete. Bega, kidole, pete. Dakika kumi baadaye wakatoka na karatasi yenye muhuri.

"Mtoto wako anasikia kama paka, dada," Nozima alimwambia mama, macho yake yakiwa tayari kwa mtoto anayefuata. "Mpelekeni shule. Adabu tu ndiyo anahitaji."

Muattar alitegemea mama atafurahi. Kweli, mama alifurahi hadi kwenye geti. Baada ya geti alisimama, akamtazama Oydin kwa namna ambayo Muattar hakuwahi kuiona. "Kumbe miaka yote hii unanisikia," alisema polepole. "Nakuita mpaka koo linakauka, kumbe unanisikia."

Kuanzia siku ile nyumba ilibadilika. Mama alivunja sukari mawe, Oydin akaja mbio, mama akaificha nyuma ya mgongo. "Itika kwanza. Nani? Oydin. Sema 'abee'." Oydin alinyoosha mkono, kisha akalia, kisha akajipiga kichwa kwa viganja. Mama hakumpa. "Karatasi imesema anasikia. Tumemdekeza mno." Mama Hosiyat aliafiki kwa kichwa. Muattar alitazama chini, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Baba naye alisoma ile karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kabati la vyombo. "Basi vizuri," alisema. "Akisikia, atajifunza kukimbia kama wenziwe. Muattar, acha kumvutavuta, atazoea vibaya."

Muattar alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale nyuma ya meno. Akaufunga.

Siku ya nne, saa za alasiri, mitambo yote miwili ilikuwa inapiga kwa kasi, kwa maana kulikuwa na kitambaa cha harusi ya watu kilichotakiwa kesho yake. Muattar alikuwa kizingitini akimenya karoti. Baba alitoka na sufuria la rangi ya kahawia, mvuke umemfunika uso. "Njia! Njia!" alipiga ukelele. Oydin alikuwa amechuchumaa katikati ya ua, amewapa mgongo, akipanga vidonge vyake vya uzi.

Muattar alimwona. Akarusha karoti, akakimbia.

Hakuwahi. Goti la baba liligonga bega la Oydin, sufuria likalala upande, na rangi ikamwagika.

Kelele aliyoipiga Oydin ilizima mitambo yote miwili. Mguu wake wa kushoto, toka kifundo hadi vidoleni, ulikuwa umeungua. Mama Hosiyat alitokea na bakuli la maziwa ya mgando apake. Saodat alimsukuma mkono. "Shangazi, hapana! Maji. Maji ya bomba, si barafu, na tusiyafunge." Alimkalisha Oydin penye bomba, maji yakatiririka juu ya ule mguu kwa muda mrefu, baba akikimbia kutafuta gari la kuwapeleka hospitali. Madaktari walisema watoto wengi huja wakiwa wameumia zaidi, na kwamba yale maji yamemwokoa. Ngozi ingerudi baada ya wiki kadhaa.

Lakini yale maneno yaliyosemwa nyumbani hayakuwa na bomba la kuyapoza. "Jeuri tu," alisema Mama Hosiyat akitikisa kichwa. "Karatasi si ipo? Alisikia, akakaa."

Siku mbili baba hakuwasha jiko. Muattar alimkuta kwenye banda la rangi, ameketi juu ya gunia, mikono imening'inia.

"Baba, chai."

"Weka hapo." Alipitisha kiganja usoni. "Unajua, Muattar, zamani nilikuwa natazama kwanza. Natazama yuko wapi, ndiyo nabeba. Halafu nikaambiwa anasikia, nikaacha kutazama. Nimemchoma mwanangu kwa mkono wangu."

Muattar alisikia masikio yake mwenyewe yakiwaka moto. Alitaka ardhi ya lile banda ifunguke. Haikufunguka.

"Baba, hakusikia."

"Nani?"

"Oydin. Siku ya kipimo. Hakuchomeka hata pete moja mwenyewe. Nilikuwa namgusa mgongoni. Nilimtazama yule dada akibonyeza, halafu namgusa."

Baba hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Washenga. Na Sevara. Na... niliona aibu, baba. Nilimwonea aibu Oydin."

"Nenda kamwambie mama yako."

"Mwambie wewe, baba. Tafadhali."

"Kidole kilikuwa cha nani?"

Muattar alitembea toka bandani hadi chumba cha mitambo, hatua kumi na tano, na ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda. Mama alimsikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio. Alipomaliza, mama hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Siku nne, Muattar. Siku nne nimemnyima sukari. Alikuwa analia ananyoosha mkono, na mimi namwambia jeuri." Kisha akajifunika uso kwa kitambaa. Toka nyuma ya kitambaa alisema, "Na mimi sina uso wa kukulaumu. Ni nani aliyesema Oydin apelekwe kwa jirani washenga wakija? Ulinisikia mimi, ukafanya kama mimi."

Walilia wote wawili, mama upande wake wa mtambo, mwana upande wake.

Wiki iliyofuata walikwenda mji wa Fergana kwa Daktari Gavhar, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kipimo chake kilitaka mtoto alale, kwa hiyo Oydin aliamshwa alfajiri na kunyimwa usingizi njia nzima. Kila alipoanza kusinzia, Muattar alimpulizia shingoni. Walipofika, Oydin aliangukia kitandani kama gunia la pamba. Daktari akambandika vibandiko paji la uso na nyuma ya masikio, kila kimoja na uzi wake.

"Nitoke nje?" aliuliza Muattar.

"Kwa nini utoke?"

Ikabidi aseme tena, mbele ya daktari na muuguzi wake. Ilikuwa mara ya tatu, na haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Daktari Gavhar alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Kaa tu," alisema. "Mashine hii inauliza mishipa ya fahamu yenyewe mtoto akiwa amelala. Hata ukimtekenya haitakujali."

Baada ya kipimo alimulika masikio ya Oydin kwa taa ndogo, akayapima kwa kimashine kingine, akaandika, ndipo akamgeukia mama.

"Kuna mambo mawili. La kwanza, nyuma ya ngoma za masikio yake kuna majimaji mazito. Mtoto huyu anasikia kama mtu aliyejifunika mto. Kitu kikivunjika kwa mlio mkali, anakipata. Mtu akimwita kwa mbali, hapati. Hilo tutalitibu."

"Na la pili?" mama aliuliza, na ncha ya kitambaa ikarudi mdomoni.

"La pili, namna ulivyonieleza anavyopanga vitu, anavyokwepa macho, anavyojipiga kelele zikizidi. Naona dalili za usonji. Sitasema zaidi mpaka mwenzangu anayetibu watoto amwone. Lakini nikueleze kitu. Wewe ukiwa uani, kuna mtambo, kuna kuku, kuna moto, kuna mwanao anaita 'mama'. Akili yako inachukua 'mama', mengine inayatupa. Watoto wengi wenye usonji hawapati nafasi hiyo. Sauti zote zinaingia kwa mkupuo mmoja. Masikio yanaweza kuwa mazima kabisa, na bado maneno yakachelewa kumfikia."

"Kwa hiyo si jeuri?"

"Mama, usiseme neno hilo tena. Mkimwita, simamisheni mtambo. Nendeni mbele yake. Semeni maneno machache, kisha ngojeni. Hesabuni moyoni mpaka kumi kabla ya kurudia. Na huyo baba mwenye sufuria aache kuamini ukelele. Mtoto ashikwe mkono, au uzio ujengwe."

Uzio baba aliujenga kesho yake.

Washenga walikuja siku ya Alhamisi. Mama alimtazama Muattar, Muattar akamtazama mama, na Saodat akawatangulia wote. "Oydin atakaa hapa, pembeni yangu," alisema, na akakaa hivyo, mguu wa mdogo wake wenye bendeji ukiwa mapajani mwake. Wageni waliuliza, mama akawaeleza kweli yote. Wakanywa chai bakuli mbili mbili, wakaisifu nyumba, wakaondoka bila kumega mkate. Kwao kutomega mkate ni jibu tosha.

"Si nilisema?" alisema Mama Hosiyat.

"Ulisema, shangazi," Saodat alijibu akipanga bakuli. "Umege wewe huo mkate basi, usije ukakauka bure." Akarudi kwenye mtambo wake. Lakini Muattar aliona macho yake yalivyokuwa mekundu, na kwa siku nyingi hakuweza kumtazama usoni.

Yule daktari mwingine alithibitisha usonji, akawafundisha mengi. Majimaji hayakukauka yenyewe kwa miezi mitatu, ndipo Oydin akawekewa vijibomba vidogo masikioni. Majira ya kuchipua yalipofika, chekechea ilitaka karatasi mpya. Baba alisema, "Mtakwenda kule kule kwa yule dada. Nakala ya ile karatasi ya uongo bado iko kwenye faili lake. Muattar ataiondoa."

Muattar alisimama mbele ya meza ya Nozima, foleni yote ikisikiliza. "Dada, mwaka jana nilikudanganya," alisema, na akaeleza habari ya bega na kidole. Mtu mmoja nyuma aliguna. Uso wa Nozima ulibadilika rangi.

"Nilikuacha ndani naye," alisema mwishoni. "Sikukuangalia mikono kwa sababu nilikuwa na haraka. Nami nimekosa." Alitoa failini ile nakala ya zamani, akaipiga mstari toka pembe hadi pembe.

Safari hii Oydin aliingia na muuguzi, aliyemzoesha kwanza pale ukumbini. Muattar alikaa benchi la nje kando ya mama, akaikalia mikono yake yote miwili. Bega la Nozima likapanda. Oydin alikuwa na pete shavuni. Haikuchomekwa. Muattar alihesabu moja, mbili, tatu, nne. Vidole vyake vilisisimka chini ya mapaja. Tano. Sita.

Pete ikachomekwa.

Haikuwa hivyo kila mara. Milio ile midogo kabisa ilimpita, na Nozima aliiandika kama ilivyokuwa. Mingine Oydin aliijibu baada ya muda mrefu, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Lakini kila pete iliyochomekwa aliichomeka mwenyewe.

Wakiwa njiani kurudi, Oydin akitembea katikati yao na mguu wake wenye kovu, mama alisema, "Muattar, nikuambie, na uwaambie wenzako shuleni, hata huyo Sevara wako. Mtu akipimwa, aachwe ajibu mwenyewe, hata akikosa. Akikosa, daktari anajua aanzie wapi. Wewe ulimjibia ukidhani unamficha aibu, na sisi tukaiamini ile karatasi kuliko macho yetu. Mtoto akaungua katikati yetu sote, kila mtu akiona haya ya kusema anachokijua. Siku nyingine ukiona haya, njoo useme ukiwa nayo hivyo hivyo. Usingoje ikuishe."

"Haijaniisha, mama."

"Najua," alisema mama. "Hata mimi." Akamshika Oydin mkono, na wakavuka barabara.